Paa lina alama: limegongwa, limenyanyuliwa na upepo au limeliwa na chumvi?

Tulikata mnazi bure. Naanzia hapo kwa sababu ndo jambo lililonifanya nikae niandike haya.

Mama yangu ana nyumba Makunduchi, imeezekwa bati la migongo midogo, si mbali na bahari, na ubavuni kulikuwa na mnazi mrefu alioupanda marehemu baba. Masika moja chumba cha nyuma kikaanza kuvuja, tukatizama juu tukaona bati limebonyea mahali pawili, basi kila mtu akasema nazi hizo, nazi zimetoboa bati. Fundi akaja na yeye akasema nazi. Mnazi ukakatwa, palipobonyea pakapakwa lami, tukalipa. Mvua iliyofuata maji yale yale, ndoo ikarudi pale pale. Mama siku ile hakusema kitu, alikaa barazani anatizama kisiki. Baadae nikapanda mwenyewe na ngazi asubuhi, nikakuta palipobonyea pazima kabisa hata rangi haijapasuka, ila misumari ya ukingoni, upande unaopigwa na kusi, ule upepo wa kusini, imechomoka nusu kidole na raba zake zimekauka zimepasuka. Ulikuwa upepo. Mnazi haukuwa na kosa.

Kwa hiyo wewe uliyesimama uwanjani sasa hivi unatizama juu hujui ukate mti, upake rangi au uezue paa zima, soma kwanza. Nimezigawa sababu tatu kubwa nnazoziona huku Unguja na Pemba, kugongwa, upepo, na chumvi ya bahari, halafu nna sehemu ya wenye vigae vya chenga za mawe na wenye ndugu Marekani wanaotuma picha wakiuliza kama hii ni mvua ya mawe. Kila moja nimeipima kwa mambo yale yale: alama ina sura gani, iko wapi juu ya paa, paa linavuja mvua ya namna gani, mkono ukigusa unasikia nini, na dawa yake ni ipi.

Kabla hujapanda

Vingi utavijua bila kupanda. Saa sita mchana jua likiwa kali ingia ndani, zima taa, funga madirisha, na kama una dari basi fungua kile kimlango chake utizame bati kwa chini. Tundu lolote litatoa mwanga. Vinukta vingi vidogo kama nyota ni dalili moja, tundu moja moja lililo kwenye mstari wa papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, ni dalili nyengine, na kama huoni mwanga wowote na bado linavuja basi maji yanapenya kwenye maungio.

Jambo jengine, maji hayaanguki pale yalipoingia. Yanatambaa chini ya bati, yakifika kwenye papi yanafuata mbao mpaka yapate mahali pa kudondokea, yaani tone liko juu ya kitanda lakini tundu liko huko karibu na kofia, lile bati la kufunika juu kabisa pande mbili za paa zinapokutana. Sisi ndo lilotupoteza hilo. Mvua ikinyesha chukua chaki, weka alama kwenye mbao kila unapoona njia ya maji, kisha siku ya jua ufuate kuelekea juu.

Kupanda, panda asubuhi bati likiwa kavu, jua likiwa bado chini kwa sababu mwanga wa ubavuni unaonyesha kila kibonde na kila msumari ulioinuka. Kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, maana hapo chini pana papi. Ukikanyaga katikati unalibonyeza mwenyewe, na bati lililokwisha kuliwa unaweza kupita nalo mpaka chini. Kama huna mtu wa kukushikia ngazi usipande, piga picha na simu kutoka kwenye nyumba ya ghorofa ya jirani uzikuze.

Kugongwa: nazi, embe, tawi, miguu ya fundi

Sura yake ni kibonde. Mgongo wa bati umelala, mviringo au mrefu kufuata umbo la kilichoanguka, na mara nyingi rangi ipo bado. Mahali pake hapabahatishwi: chini ya mti. Chora mstari kwa macho kutoka kwenye kole la nazi mpaka kwenye bati, kama mti haufiki hapo basi nazi haihusiki, na kama vibonde vimejipanga kwa hatua kutoka ngazini kwenda kwenye tangi la maji basi hizo ni nyayo za mtu.

Kuvuja kwake, mara nyingi hakuna. Hili ndo watu hawaliamini. Bati lililobonyea bila kupasuka haliingizi maji. Linavuja pale tu kitu kizito kimechana chuma, au kimegonga juu ya msumari tundu likapanuka, au kimepiga kwenye maungio mabati mawili yakaachana, na hapo litavuja mvua yoyote, iwe na upepo isiwe na upepo. Mkono ukipitisha juu ya kibonde utasikia laini. Ukisikia ncha au ufa ndo kuna kazi.

Dawa: pasipopasuka acha, ila pafagie, kwa sababu kibonde kwenye paa lisilo na mwinamo wa kutosha kinatuama maji na majani, na maji yaliyotuama yakichanganyika na chumvi yanakula pale. Palipopasuka badilisha bati hilo moja. Mti nao punguza, angua nazi kabla hazijakauka, kata makuti makavu. Kuukata mti mzima kwa ajili ya kibonde kisichovuja, nakuomba ufikirie mara mbili. Sababu hii zaidi ni ya nyumba za mashamba, zilizokaa chini ya minazi na miembe na mifenesi, Pemba karibu kote na Unguja ile ya kati.

Upepo

Upepo hausukumi paa kwa juu tu kama tunavyodhani, unalivuta. Ukipita juu unanyonya bati kwenda juu, na mvuto mkali zaidi uko ukingoni, kwenye pembe na kwenye kofia. Kwa hiyo alama zake zitafute huko: msumari uliopanda juu, tundu la msumari lililokuwa duara sasa limekuwa refu kama jicho, ukingo wa bati uliokunjika kuelekea juu, kofia inayocheza. Katikati ya paa unaweza kukuta pazima kabisa.

Linavuja lini? Mvua yenye upepo. Mvua ya kunyooka inanyesha usiku kucha huoni tone, halafu inakuja manyunyu ya dakika kumi na upepo wa ubavuni, chumba kinalowa. Ukisikia habari hiyo usiende kutafuta matundu katikati ya paa, nenda ukingoni na kwenye kofia. Na sikiliza usiku, bati lililolegea linapiga, linasema ko ko ko, jirani atakuwa ameshakwambia.

Mkono: shika kichwa cha msumari ukizungushe. Kikizunguka, kimelegea. Kikitoka kizima na vumbi la mbao, hapo sasa si habari ya bati tena, papi imeoza au imeliwa na mchwa, na hata ukitia msumari mpya wa dhahabu utatoka tu.

Dawa yake ni rahisi kuliko zote ukiwahi. Usiugongee msumari ule ule kwenye tundu lile lile, utakaa mwezi utapanda tena, na fundi akigonga kwa hasira anaulaza mgongo wa bati unakuwa kibakuli cha maji kuzunguka msumari. Toa, tia skrubu nene zaidi yenye raba nzima, juu ya mgongo wa bati na siyo kwenye bonde lake, kwa sababu bondeni ndo maji yanakopita. Ukingoni na kwenye kofia ongeza idadi. Papi zifungwe kwenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, kwa waya au vipande vya chuma, maana bati likishika sana na papi haijashika, upepo utachukua vyote viwili kwa pamoja. Sisi si watu wa vimbunga lakini vimbunga vinatujua, Aprili 1872 kilipita kimoja kikaangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, na Mei 2024 Hidaya kilipokaribia pwani yetu boti za Dar zilisimama.

Hii inawahusu sana waliojenga mahali pa wazi, Paje, Jambiani, Makunduchi, Matemwe, upande wa Micheweni kule, na hata viwanja vipya vya Fuoni ambavyo miti imekwisha kukatwa yote hakuna kinachozuia upepo.

Chumvi

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo mla mabati mkubwa wa visiwa hivi na anakula polepole mtu asijue.

Bati ni chuma kilichovishwa zinki. Zinki inajitoa mhanga, inaliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiliwe. Kwenye hewa ya bara inachukua miaka mingi, kwetu mawimbi yanapasuka kwenye mwamba, upepo unabeba ule mvuke wa chumvi unaushusha juu ya paa, na chumvi inavuta unyevu hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo zinki inaliwa usiku na mchana. Ukiona bati limepoteza mng'aro lina unga mweupe, zinki inaondoka. Ukiona uwekundu, zinki imekwisha pale na sasa chuma chenyewe kinaliwa. (Unga mweupe kwenye bati jipya la dukani ni habari nyengine, hayo yamepangwa yakiwa yamelowa, yakataeni.)

Kutu ya chumvi haianzi katikati. Inaanza kwenye kingo zilizokatwa, kwenye maungio ambako maji yanaganda kati ya bati na bati, kuzunguka misumari, chini ya majani yaliyooza, na, hili liliniduwaza, chini ya bati sehemu inayotokeza nje ya ukuta. Juu mvua inasafisha chumvi. Chini ya upenu mvua haifiki, chumvi inakaa tu mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo unaweza kutizama paa juu ukaliona zuri na huku chini limekwisha. Inama, tizama kwa chini.

Linavuja kila mvua, na kila msimu kidogo zaidi ya uliopita. Vile vinukta vya mwanga kama nyota nilivyosema, ndo yeye. Mkono: chukua bisibisi, sukuma taratibu kwenye uwekundu. Bati zima linakataa, linalia kama chuma. Lililoliwa linaingia, linakatika kama biskuti, na vipande vinakuja kwa maganda maganda.

Jihadharini pia na kutu isiyo ya bahari. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mabomba ya shaba ya kiyoyozi yanakula zinki palepale, utaona mstari mmoja tu wa kutu chini ya bomba na kwengine kote pazima. Na saruji mbichi ikimwagikia bati ikaachwa inachoma zinki vile vile, utakuta mabaka karibu na ukuta uliopigwa plasta. Hivyo si vya kuezua paa, ondoa sababu, tibu pale.

Dawa ya chumvi inategemea umewahi wapi, naieleza chini. Wanaohusika ni kila aliye karibu na maji, na pwani ya mashariki zaidi kwa sababu kusi inakuja na chumvi yake moja kwa moja.

Vigae vya chenga, na ile mvua ya mawe

Siku hizi watu wanaezeka vigae vya bati vilivyobandikwa chenga za mawe, vizuri kwa macho na havipigi kelele mvua ikinyesha. Miezi ya mwanzo ukikuta chenga kwenye gata, ule mfereji wa maji ya paa, usishtuke, ni zile za ziada ambazo hazikushika. Chenga zikitoka kwa mstari, hapo pamekwaruzwa, na mguu au tawi. Zikitoka kama bamba na chini chuma kinaonekana, hapo gundi imeachia, mrudie aliyekuuzia na karatasi zako.

Mvua ya mawe huku kwetu ni kitu cha nadra sana, nchi yetu iko chini na hewa ina joto, barafu inayeyuka kabla haijafika. Bara inapiga, nyanda za juu kama Mbeya na Njombe wanaijua, na Kahama Machi 2015 iliua watu zaidi ya 40. Kwa hiyo fundi wa hapa akikwambia paa lako limepigwa na mvua ya mawe muulize siku gani, na siku hiyo gari za jirani nazo zilipigwa?

Lakini wenye ndugu Marekani, nyumba zao nyingi zina vigae vya lami, vipande bapa vyenye lami na chenga juu, na kule wanabishana sana kwa sababu bima kwa kawaida inalipia mvua ya mawe, hailipii uchakavu. Vipimo ni vile vile. Jiwe la barafu linaacha baka la duara, chenga zimeingia ndani au zimeruka, lami nyeusi mpya inaonekana, ukibonyeza ni laini kama embe lililopondeka. Mabaka hayana mpangilio, yako mengi upande dhoruba ilikotokea, na vyuma vya jirani vina ushahidi wake, gata imebonyea, mapezi ya kiyoyozi cha nje yamelala. Lengelenge la joto ni kinyume, linapasuka kutoka ndani, linaacha kishimo kidogo chenye kingo kali, chini yake pagumu, gata nzima. Uzee nao hauna mabaka, chenga zinapungua sawasawa paa zima, kingo zinajikunja, nyufa zinatokea. Kama vyuma vyote ni vizima na vigae peke yake vina alama, ni vigumu kusema ni mawe.

Sasa: uzibe, ubadilishe machache, au uezue?

Kuziba na kupaka ndo rahisi na ndo inayotumiwa vibaya zaidi. Inafaa pale uwekundu uko juu juu tu na bisibisi haiingii, na kwa matundu ya misumari. Lakini lazima kwanza uoshe kwa maji ya bomba uondoe chumvi, ukaushe, usugue na brashi ya waya, praima ya kuzuia kutu, ndo rangi mara mbili. Ukipaka rangi juu ya chumvi itabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Lami ya kubandika ni ya kukuvusha masika, siyo dawa.

Kubadilisha machache kunafaa pale ubovu uko mahali pamoja: lililochanika, safu ya ukingoni, mstari chini ya kiyoyozi. Nenda dukani na kipande cha la zamani mkononi, migongo inatofautiana, bati la migongo mipana haliingiani na la migongo midogo na hilo pengo fundi ataliziba na silikoni, paa litavuja tena. Mabati yapandane inchi 6 kwa juu na chini, ubavuni mgongo mmoja na nusu. Na usiweke jipya chini ya lililooza, maji ya kutu yatalishukia jipya kila mvua.

Kuezua lote ni gharama na usumbufu, lakini ndo nafasi pekee ya kuona kenchi na papi, kufukuza mchwa, kuongeza mwinamo. Ukifika huko nunua bati nene, kumbuka namba ya geji, kipimo cha unene wa bati, ikipanda bati linakuwa jembamba, 28 ni nene kuliko 30 na 30 kuliko 32, na pwani 32 ni pesa ya kutupa. Aluzinki, ile yenye aluminiamu asilimia 55 na iliyobaki karibu yote zinki, inastahamili chumvi zaidi ya zinki tupu, na yenye rangi juu yake zaidi tena. Fanya Januari na Februari au masika yakishapita, usifungue paa mwezi wa tatu.

Kwa hali yako

Bati limebonyea, mti uko juu yake, halivuji: fagia, punguza makuti, weka pesa yako mfukoni.

Linavuja mvua ya upepo tu na bisibisi haiingii popote: skrubu na kofia, kazi ya siku moja. Kama misumari inatoka na vumbi la mbao, papi kwanza, bati baadae.

Uwekundu kwenye maungio na chini ya upenu lakini bado gumu: kupaka kwa utaratibu ule, na kila mwisho wa kusi rushia maji ya bomba chini ya upenu, inasaidia sana.

Vinukta vya mwanga zaidi ya chumba kimoja: usipoteze pesa ya rangi, anza kukusanya ya kuezua, vumilia na lami mpaka kiangazi. Huna ya kuezua nyumba nzima mara moja, ezua upande mmoja wa paa kuanzia kofia mpaka chini, siyo vipande vipande huku na huku.

Nyumba ya kupangisha au unataka kuiuza, bado chunguza na piga picha zenye tarehe, mpangaji au mnunuzi akiuliza unazo. Iko Mji Mkongwe: ule ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kabla hujabadilisha aina ya paa waulize Mamlaka ya Mji Mkongwe usije ukaambiwa ushushe.

Nyumba ya mama tuliitia skrubu ukingo mzima na kofia mpya, na masika yaliyofuata ndoo haikutoka jikoni. Kisiki bado kipo. Amepanda mche mwengine, safari hii hatua ishirini kutoka ukutani, na kila nikenda ananipeleka kuutizama.